Abdalah Bado Yumo Kwenye Timu

"Hodi. Mimi ni Abdalah."

Nilikuwa nimeinamia kompyuta, nagombana na maneno mekundu yaliyokuwa yakinikatalia kazi yangu mwenyewe. Sikuinua uso.

Abdalah tulimzika kijijini kwao, Chinongwe. Niliuona mchanga ukimwagwa.

Nikageuka polepole. Mlangoni alisimama kijana nisiyemjua, mrefu, vidole vyeusi kwa oili, kofia ya pikipiki kaibana kwapani. Alikuwa amevaa koti la kijivu la Abdalah. Lilelile. Kiwiko cha kushoto nilikishona mwenyewe kwa uzi usiofanana na kitambaa.

"Toka," nilisema.

"Samahani, shemeji..."

"Nimesema toka! Nani kakutuma uje kunichezea?"

Mama alikuwa uani anachemsha ming'oko ya kuuza, vile viazi vya porini. Alisikia sauti yangu, akaja na mwiko juu.

"We kijana, mwanangu ana msiba. Kama unauza simu za wizi, stendi iko kule."

"Siuzi kitu, mama. Natoka Chinongwe. Kwa Bi Zuleha."

Mwiko ukashuka.

Wewe unayenisoma leo kwa mara ya kwanza, nikupe yaliyopita kwa ufupi, maana wenzako wamekwisha kulia nami wiki kadhaa.

Naitwa Teddy, mtoto wa Nachingwea, nimesomea kompyuta. Mimi, Abdalah, na mwenzetu Huzaifa wa Ruangwa mjini tulitengeneza programu ya kuwapigia simu mama wajawazito wa vijijini, jioni ya kuamkia siku ya kliniki. Simu hiyo inaongea Kimwera, kwa sauti ya Bi Zuleha, mama yake Abdalah, kwa sababu mama wengi wa mashambani Kiswahili chao kinatosha kununulia chumvi, hakitoshi kuelezewa mimba.

Abdalah alikuwa mchumba wangu. Mimi Mkatoliki, yeye Mwislamu, na wazee wa pande zote walikuwa wamekubali kwa shingo upande. Masika haya alikwenda kwao kumwambia mama yake alete posa. Akirudi, pikipiki iliteleza pale mto Mbwemkuru. Basi.

Wiki iliyopita niliwaacha nikiondoka kwenye arobaini yake kabla haijaisha. Shangazi zake waliniuliza nitakaa wapi: kwa wajane au kwa wageni? Mchumba hana mkeka msibani. Nikachukua kanga yangu nikaenda barabarani kutafuta usafiri.

Kwa hiyo sikuona jina likirithishwa.

"Nilikuwa Mahamudu," alisema yule kijana, bado amesimama. "Mama yangu ni mdogo wake Bi Zuleha. Nilikuwa Liwale, natengeneza mashine za kupulizia mikorosho, nikaitwa. Wakanikalisha kwenye mkeka, wakaninyunyizia unga wa mtama kichwani, wakasema Mahamudu amekwenda, Abdalah amerudi. Nikapewa koti. Nikapewa na hii."

Akatoa simu mfukoni. Simu ya Abdalah, kioo chake kimepasuka kwenye pembe ileile.

Mama akavuta kigoda. "Kaa, baba. Kaa kwanza."

Akakaa. Akaishika ile kofia kwa mikono miwili.

"Asubuhi ya kwanza Bi Zuleha akaita, 'Abdalah!' Nikachelewa kuitika, sijazoea. Akalia mpaka jua likawa kali. Tangu siku hiyo sichelewi. Hata nikiwa kisimani nikisikia 'Abdalah', naitika palepale."

Mama akajipangusa macho kwa upindo wa kanga, akarudi kwenye chungu chake.

"Shangazi wamenikanya," kijana aliendelea. "Wamesema nikikukuta nisikuite shemeji. Shemeji alikuwa wa Mahamudu. Abdalah hana shemeji hapa. Sasa sijui nikuite nani."

"Niite Teddy."

"Na wewe utaniitaje?"

Nikatazama pembeni. Jina lile nililiita shuleni, kwenye simu, kwenye vumbi la barabara ya Ruangwa, hospitalini alipokuwa haitiki tena. Mdomo wangu haukuweza kumpa mtu mwingine.

Hakunilazimisha.

"Nimekuja kuuliza, Teddy. Ile kazi niliyoifanya jana jioni, niliifanya vizuri?"

"Kazi gani?"

"Ya namba. Ya Huzaifa."

Nikakigeuza kiti kumwelekea.

"Nieleze."

"Alipiga simu hii. Akauliza, wewe ndiye Abdalah sasa? Nikasema ndiyo. Akasema kuna namba zitaingia kama ujumbe, nimsomee haraka kabla hazijaisha nguvu. Nikauliza za nini. Akasema ni kazi ya jina lako, Abdalah ndiye alikuwa akiifanya. Nikafurahi. Nilikuwa najiuliza jina hili kazi yake nini zaidi ya kuitika. Nikamsomea."

"Halafu?"

"Halafu akasema, usimwambie Teddy. Hapo ndipo sikulala vizuri. Kama ni kazi ya jina langu, kwa nini nifiche?"

Sasa nikayaelewa yale maneno mekundu kwenye kioo cha kompyuta. Yalikuwa yakisema hivi tangu asubuhi: huna ruhusa ya kuandika hapa.

Niwaeleze kama nilivyomweleza mama, naye alielewa.

Programu ni maandishi. Maandishi yote yanayoiambia kompyuta la kufanya hukaa mahali pamoja mtandaoni, na sisi mahali hapo tunapaita ghala. Haliingiwi ovyo. Mwenye ruhusa ya kusoma anaingia jikoni, anaona chungu, hagusi. Mwenye ruhusa ya kuandika anatia chumvi. Mmiliki ndiye anayesema nani aingie jikoni, nani atoke, nani aguse nini.

Mimi na Huzaifa tulikuwa wa kuandika. Mmiliki alikuwa mmoja tu, Abdalah.

"Nikirudi nakufanya mmiliki wa pili," aliniambia asubuhi ile anafunga mkoba. "Ningeweza kubonyeza sasa hivi. Ila nataka nikupe pamoja na habari ya posa. Vyote viwili, uso kwa uso."

Nilicheka. Nilimwambia ana mbwembwe kama bwana harusi wa Lindi.

Hakurudi.

Na ghala likabaki na mmiliki marehemu. Kila asubuhi nilifungua ukurasa wa timu, nakuta picha yake, anacheka, shamba la ufuta nyuma yake, na chini yake neno moja: Mmiliki. Mahali pengine pote alikuwa "hayati". Pale alikuwa bado yumo.

Siku hiyo nilikuwa sijafungua ukurasa huo. Nilikwenda moja kwa moja kuandika tarehe mpya ya kliniki ya kijiji cha Kiegei, nikakataliwa. Sasa nikafungua.

Abdalah, Mmiliki. Huzaifa, Mmiliki. Teddy, Kusoma.

Huzaifa ameingia kwa jina la maiti, amejipandisha, amenishusha.

Nikampigia palepale.

"Teddy, mambo."

"Nani mmiliki wa ghala?"

Nyuma yake honi zilikuwa zikilia. Ruangwa siku hizi hainyamazi.

"Nilitaka kukwambia."

"Lini?"

"Usipaniki, nisikilize. Ghala lina mmiliki marehemu. Marehemu, Teddy! Likivunjika leo nani ataligusa? Mtu alikuwa lazima afanye kitu. Wewe ulikuwa unalia juu ya kibodi."

"Kwa hiyo ukaingia kwa jina lake."

"Jina lina mwenyewe, yupo Chinongwe, na amenisomea kwa hiari yake. Wazee wamesema huyo ni Abdalah. Mimi ni nani nibishane na wazee?"

Yule kijana alikuwa akisikia kila neno. Aliinamisha kichwa.

"Na kunishusha mimi, wazee ndio waliosema?"

"Kuna watu Dar wanaitaka kazi yetu. Wanataka mtu mmoja wa kuongea naye, siyo watu wawili na kaburi. Nikishaingia kule nitakuvuta. Nakuapia."

"Na sauti ya Bi Zuleha?"

Akavuta pumzi. "Wao wanataka Kiswahili tu."

Nilitamani kumtukana. Nikakumbuka kilichonileta kwenye kompyuta asubuhi.

"Huzaifa, Kiegei wamebadili siku. Kliniki ya kesho haipo, imesogezwa Ijumaa. Jioni hii simu zitapigwa kuwaita kesho. Nipe kuandika nibadilishe tarehe, kisha uninyang'anye tena ukitaka."

"Tuma ombi kama mtu mwingine yeyote. Nitaliangalia nikitulia."

"Watu wana mimba! Wanatoka mashambani kwa miguu!"

"Nimesema tuma ombi, Teddy."

Akakata.

Nikaandika ombi. Wa kusoma haruhusiwi kugusa chungu, ila anaruhusiwa kusema hapa pamepungua chumvi, na wengine wakiona ni kweli wanatia. Nilibadilisha siku moja tu, Jumatano ikawa Ijumaa, nikaeleza sababu kwa heshima zote, nikatuma.

Tukakaa tunaitazama kompyuta. Mama alileta ming'oko kwenye sahani, ikapoa. Ombi halikufunguliwa.

"Kwa hiyo nimeharibu," kijana alisema.

"Ulidanganywa."

"Jina langu la kwanza halikuwahi kumkosea mtu. Hili la pili hata halijanikaa vizuri."

Mama hakuvumilia zaidi.

"Hivi nyie mnaangaliana nini? Simu ya marehemu si hiyo hapo? Namba si zinaingia humo? Rudisheni kama alivyochukua!"

"Mama..."

"Mama nini! Jambazi kapita dirishani, mwenye nyumba unaona aibu kupita mlangoni?"

Kijana aliniangalia. Akaisogeza simu mezani.

"Nisome?"

Hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu najua wengine mtanilaumu, na wengine mmekwisha kuanza.

Nilisema, "Soma."

Niliomba neno jipya la siri kwa jina la Abdalah. Simu ikatetemeka mezani. Kijana akasoma namba polepole, moja moja, kama mtu anayesoma maandishi ya kaburini. Nikaziandika. Mlango ukafunguka.

*Karibu tena, Abdalah.*

Kompyuta ilisema hivyo. Haikuwa na kosa, haijui msiba. Ila mimi nilishika meza.

Karibu tena. Kama vile alikuwa ametoka kidogo tu kwenda kununua vocha.

Nilipoweza kuona tena, kila kitu kilikuwa mbele yangu. Kando ya jina la Huzaifa palikuwa na kitufe cha kumtoa. Kando ya langu palikuwa na kitufe cha kunipandisha. Na lile ombi la Kiegei lilikuwa juu kabisa, linasubiri neno moja: Kubali.

Si ni haki yangu? Si alitaka kunipa? Si aliahidi kwa mdomo wake, asubuhi ile, mkoba begani? Ningekuwa namalizia tu alichoanza. Na akina mama wa Kiegei wasingepigiwa simu ya uongo. Kwa sauti ya nani? Ya Bi Zuleha, ambaye tangu tuanze hajawahi kuwaambia neno lisilo kweli.

Nikapeleka mshale kwenye kitufe.

"Teddy," kijana aliuliza, "ukibonyeza hapo, itaandikwa nani amekubali?"

"Abdalah."

"Na Huzaifa akiuliza nani amemtoa?"

"Abdalah."

Akatikisa kichwa taratibu, akihesabu moyoni yatakayompata. Huzaifa ana ndugu Chinongwe, nyumba ya pili kutoka kwa Bi Zuleha. Maneno yangefika kabla ya jua kuzama. Wangekwenda kumuuliza mama wa watu: mwanao amefufuka kuja kumfukuza mwenzake kazini?

"Sawa," alisema. "Kama ni lazima, bonyeza. Wakija nyumbani, mimi nitaitika. Nimezoea kuitika."

Hakusema kwa kunilaumu. Alisema kama mtu anayejitolea kubeba gunia la mwenzake. Na alikuwa amevaa koti lile, na uzi wangu ule mbaya kiwikoni.

Mkono wangu ukakataa.

Nikakumbuka siku tuliyomuaga Maximilian. Mwanzoni tulikuwa wanne. Maximilian alipata kazi Dodoma, tukamnunulia chai na chapati hapahapa uani kwa mama. Kabla hajamaliza kikombe, Abdalah akafungua kompyuta akamtoa kwenye timu mbele ya macho yake.

"Aisee!" Maximilian alilalamika. "Hata chai sijamaliza!"

"Hii ndiyo heshima yenyewe," Abdalah alimjibu. "Nikikuacha humu, kesho mtu akiharibu kwa jina lako utajibu nini, nawe uko Dodoma?"

Kisha akanigeukia mimi. Alikuwa anacheka, lakini macho hayakuwa yanacheka.

"Hata mimi, Teddy. Nikiondoka, nitoe siku hiyohiyo. Na asiingie mtu kwa ufunguo wangu, hata kwa jambo jema. Niahidi."

"Naahidi, bosi."

"Siyo bosi. Niahidi kwa jina langu."

"Naahidi, Abdalah."

Aliondoka, na mimi sikumtoa. Watu waliponiuliza nilisema sina uwezo, yeye ndiye mmiliki, mimi ni wa kuandika tu. Ilikuwa kweli. Ambacho sikumwambia mtu ni kwamba nilifurahi kukosa uwezo huo. Kama kumtoa kungekuwa mikononi mwangu, ningelazimika kuchagua kila asubuhi.

Sasa kulikuwa mikononi mwangu.

Nikaondoa mkono kwenye kompyuta.

"Sibonyezi," nilisema.

"Unasemaje?" Mama alikuwa nyuma yangu.

"Sitajipa kitu kwa mkono wake, mama. Wala ombi silikubali kwa mkono wake. Huzaifa ndiye alifanya hivyo."

"Teddy, wewe mtoto! Huo utakatifu tutaupika na nini? Si bora ungekwenda kuwa sista tu, nijue moja!"

"Mama, nilimwahidi."

"Uliyemwahidi amelala Chinongwe!"

"Ndiyo maana."

Mama akaichukua ile sahani ya ming'oko iliyopoa, akaenda nayo uani, na kwa jinsi alivyoitua nilijua amelia.

Nikampigia Beatrisi, muuguzi wa Kiegei. Alipokea anahema.

"Wa hapa kijijini nitawatangazia, msikitini na kanisani," alisema. "Wa mashambani siwawezi, Teddy. Niko peke yangu na hapa nina mtu ana uchungu. Hao mpaka afike mtu awaambie kwa mdomo. Zile simu haziwezi kuzuiwa?"

"Mwenye uwezo wa kuzizuia hataki."

"Basi atakayechoka miguu kesho atawalaani nyie wote," alisema, wala hakuwa na ubaya. "Ngoja, ananiita."

Nikaweka simu chini. Kiegei ni mbali. Usafiri wa siku hiyo ulikuwa umekwisha kuondoka.

"Nina pikipiki nje," kijana alisema.

Tangu Mbwemkuru sijapanda pikipiki. Nikisikia moja inapita huwa nasimama mpaka sauti iishe. Mama anajua, Huzaifa anajua, na huyu naye alijua, kwa sababu aliongeza haraka, "Naendesha polepole. Bi Zuleha ameniapisha."

"Tukiondoka sasa tutafika kukiwa bado na mwanga?"

"Tutafika."

"Basi twende. Lakini kwanza kitu kimoja."

Nikamwonyesha kioo cha kompyuta. Chini kabisa ya ukurasa, chini ya vitufe vyote vya kuwatoa wengine na kuwapandisha wengine, palikuwa na kimoja kidogo ambacho kila mtu kwenye timu anacho kwa ajili ya nafsi yake: Ondoka.

"Mimi siwezi kumtoa," nilimwambia. "Kwa jina langu nasoma tu. Ila yeye mwenyewe anaweza kuondoka."

Alielewa. Akapangusa kidole kwenye suruali.

"Nikibonyeza, utabaki na nini?"

"Kusoma."

"Na Huzaifa?"

"Atabaki mmiliki peke yake. Hatutaweza kurudi tena kwa njia hii. Hata ukisoma namba elfu."

"Na ile picha?"

Hilo sikutegemea aniulize.

"Itaondoka nayo," nilisema.

Tuliitazama wote wawili. Anacheka, ufuta nyuma yake. Mimi ndiye niliyempiga picha hiyo, shambani kwao, na alikuwa anacheka kwa sababu nilikuwa nimesimama juu ya siafu bila kujua.

"Nitakuwa nimemfukuza?"

"Hapana. Hakupata nafasi ya kuaga. Aga kwa niaba yake."

Akanyoosha kidole. Kompyuta ikauliza kama ana hakika. Kijana akaniangalia. Nikatikisa kichwa kukubali.

Akabonyeza.

*Abdalah ameondoka kwenye timu.*

Huzaifa, Mmiliki. Teddy, Kusoma. Pale ilipokuwa picha pakawa peupe, halafu majina mawili yakasogea juu kuziba nafasi, kama watu kwenye foleni.

Nimechelewa, Abdalah. Ulisema siku hiyohiyo. Lakini nimefanya.

Nikafunga kompyuta. Nikachukua kanga, nikajifunga kichwa kwa ajili ya vumbi. Mama alikuja na ming'oko ya moto kwenye mfuko, akampa kijana, hakunipa mimi. "Ukimwangusha mwanangu," alimwambia, "hilo jina nitalifuata hukohuko Chinongwe nilivue mwenyewe."

"Sitamwangusha, mama."

Tulikuwa tumefika kwenye pikipiki. Nilikuwa nimeweka mkono kwenye kiti, bado sijapanda, ndipo simu ya Abdalah ilipolia kwenye mfuko wa koti.

Akaitoa. Jina likawaka kwenye kile kioo kilichopasuka: Huzaifa.

Amekwisha kuona. Ameona marehemu ameondoka kwa miguu yake na kumwachia nyumba nzima. Anapiga kutukana? Anapiga kukubali ombi? Jua lilikuwa limeanza kuinama upande wa Kiegei, na zile simu za jioni zilikuwa njiani.

Kijana alinishikia simu mbele ya uso, inalia, inatetemeka mkononi mwake.

"Anampigia Abdalah," alisema. "Sasa mimi niseme ni nani?"

Niliitazama kofia ya pikipiki. Nikaitazama mikono ile yenye oili iliyobonyeza kitufe ambacho mimi nisingekiweza. Nikautazama uzi wangu kiwikoni.

"Wewe ni Abdalah," nilimwambia. "Itika, Abdalah."

Akaiweka simu sikioni.

"Naam," alisema, wala hakuchelewa.